Barua ya wazi kwa wakubwa wa mji wa Mtwara: mti na mtaro viwekwe kwenye ramani moja

Waheshimiwa, shikamooni kwa mlionizidi umri, na kwa wengine habari za kazi. Barua hii ni ya mkurugenzi, meya, madiwani wetu, watu wa mipango miji, mainjinia, maafisa mazingira na misitu, na yeyote mwenye kalamu ya kuamua mtaro upite wapi na mti upandwe wapi hapa Mtwara mjini. Mi ni mwalimu wa jiografia sekondari, nakaa upande wa Magomeni, sijatumwa na chama wala taasisi. Nimeamua kuandika hadharani kwasababu jambo lenyewe ni letu sote na nimelibeba moyoni muda mrefu.

Nianze na miche. Mwaka mmoja tuliletewa miche shuleni kwa ajili ya siku ya mazingira duniani, tarehe 5 Juni. Watoto walifurahi mno, wakachimba mashimo siku mbili, kila mmoja akachukua mche wake na wengine wakaufungia kikaratasi chenye jina. Wageni walikuja, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa, gari likaondoka. Nyie mnaijua Mtwara ya Julai na Agosti, upepo wa kusi mkavu, mchanga unaunguza, na bomba la shule maji yanatoka siku za kuhesabu. Wanafunzi walimwagia kwa chupa za maji ya kunywa mpaka likizo ikaingia, tuliporudi miche iliyobaki hai unaimaliza kwa vidole vya mikono. Sasa binti mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, mwalimu, kwani siku ile tunapanda mvua si zilikuwa zimeshaisha? Nilikosa jibu mbele ya darasa ambalo wiki chache kabla nililifundisha tabia ya nchi ya Tanzania.

Jibu analo kila mtu wa kusini. Sisi hatuna vuli na masika kama Dar na Tanga, sisi tuna msimu mmoja, na TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kila mwaka wanatangaza utabiri wa mikoa ya msimu, Mtwara na Lindi tukiwemo, mvua zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, basi. Kwahiyo siku ya kupanda miti kitaifa, Aprili mosi, kwa mwenye masika ndo mvua zinashika kasi, lakini kwetu ndo zinaaga, halafu tarehe 5 Juni zimeshaenda. Mche unaoingia ardhini Aprili Mtwara unapewa wiki tatu nne za maji, baada ya hapo ujitegemee miezi saba. Mkulima wa korosho hawezi kufanya hivo kwenye shamba lake, yeye akisikia mvua za kwanza zimeshika ndo anatoa miche kitaluni. Ndo maana naanza na kalenda, maana hiyo nayo ni data, tena rahisi kuliko zote na haina gharama, rekodi za mvua za miaka mingi zipo na hazihitaji hata kompyuta kuzisoma.

Halafu kuna lile agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Nia yake ni njema kabisa na siipingi. Lakini hebu tugawe, ni zaidi ya miti 4,100 kila siku, jumapili na sikukuu zikiwemo. Halmashauri ikibanwa na namba kama hiyo, kinachohesabiwa kinakuwa ni miche iliyotoka kitaluni, kwamba imeenda wapi, imepandwa chini ya nyaya za umeme au juu ya bomba la maji, iko hai au imekufa, hiyo hesabu haiulizwi kwenye ripoti. Mimi ningefurahi zaidi kusikia diwani anasimama kwenye baraza anasema kata yetu tulipanda miti mia tatu, leo baada ya kiangazi cha pili iko mia mbili na hamsini na hii hapa ramani yake. Mia mbili na hamsini ya kweli inatosha kubadilisha mtaa.

Sasa nieleze nilichokifanya, maana nisingependa nionekane nalalamika tu.

Baada ya lile swali la yule binti nilianza kujifundisha usiku, kwa laptopu ya zamani na bando la kuunga unga. Kuna programu ya ramani inaitwa QGIS, ni ya bure, huhitaji leseni wala kibali. Na kuna setelaiti za Ulaya zinaitwa Sentinel-2, zinapita juu yetu kila baada ya siku tano hivi, zinapiga picha ambazo kila kadoti kamoja ni eneo la mita 10 kwa 10 chini, na picha hizo zinatolewa bure kwa dunia nzima. Kinachofanya ziwe na maana kwenye habari ya miti ni kwamba jani lililo hai linameza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni. Setelaiti inaiona yote miwili. Ukichukua tofauti yake ukaigawa kwa jumla yake unapata namba, ikikaribia moja hapo pana kijani kilichoshiba, ikiwa karibu na sifuri hapo ni mchanga, lami au bati. Kidato cha tatu wanaipiga hesabu hii bila shida, nimewajaribu.

Kosa nililofanya mwanzo ni kuchukua picha ya Machi. Kwanza mawingu yalijaa, pili kila kitu Mtwara ni kijani mwezi wa tatu, hata majani ya kiwanja kilichotelekezwa. Nikabadilisha nikachukua Agosti. Agosti majani yote yamekauka, kinachobaki kijani ni kile chenye mizizi iliyofika chini, yaani miembe, mikorosho, mikungu, mikwaju, miarobaini. Picha ya Agosti ndo ramani ya kivuli cha mji wetu. Na ilinisikitisha. Shangani pana kijani, viwanja vikubwa vya toka enzi za mkoloni na miti ya zamani. Ukishuka kwenye mitaa yetu iliyobanana, Chikongola, Magomeni na kwingine, ni bati juu ya bati na mchanga katikati, kijani ni vidoa vya mwembe mmoja mmoja ambao mwenye nyumba hakuwa na moyo wa kuukata. Nikailinganisha na Agosti ya 2016 na pembezoni mwa mji unaona kabisa mikorosho ilivyokuwa inaondoka kadiri viwanja vinavyopimwa na kuuzwa, kwasababu anayenunua kiwanja anasafisha kwanza, hata mkorosho wa miaka thelathini, ndo ajenge.

Naomba hapa msinielewe vibaya, watu lazima wajenge. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 108,299 kwenye manispaa yetu na toka hapo tumeongezeka sana, bandari imepanuliwa, malori ya makaa ya mawe yanashuka kutoka Ruvuma mchana na usiku, mji unakua na tunataka ukue. Ninachosema ni kwamba kama ramani ya kivuli ingekuwepo mezani siku ya kupima viwanja, mpima angeweza kusogeza barabara mita nne ule msitu mdogo wa miembe ukabaki kuwa eneo la wazi, badala ya kuchora eneo la wazi kwenye karatasi mahali ambapo hakuna hata kichaka na baada ya miaka mitatu linakuwa fremu za maduka.

Na kama kuna anayedhani kivuli ni anasa aje tukae stendi saa nane mchana mwezi wa kumi na moja, mvua bado, joto limekaba. Tazama vijiwe vya bodaboda mji mzima, kila kijiwe kipo chini ya mti. Mama anayeuza uji na vitumbua naye yuko chini ya mti, fundi baiskeli hivo hivo. Wale watu walishapanga mji kwa kufuata kivuli kabla ya ofisi yoyote. Ningekuwa nyie, ningewatuma vijana na simu zao wakachukue alama ya kila kijiwe, kwa siku mbili mnapata ramani ya mahali watu wanapohitaji mti, na mahali watu wanapokaa juani wameshika miavuli ndo pa kuanzia.

Nikija kwenye maji, hapa ndo penye uzito na nitakaa kidogo.

TMA wakisema mvua kubwa wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Chukua nyumba yenye paa la mita za mraba 100, milimita 50 zikilipiga ni lita 5,000, mapipa 25 ya lita mia mbili, kutoka nyumba moja. Mtaa wenye nyumba mia moja ni mapipa 2,500, na bado hujahesabu lami na matofali ya pevingi ambayo siku hizi kila mwenye uwezo anatandaza uwanja mzima mpaka getini. Zamani maji haya yalikuwa yanazama, ardhi yetu sehemu kubwa ni mchanga, inakunywa haraka. Sasa tumeifunika, maji yakikosa pa kuzama yanatafuta bondeni na bondeni ndo wanapokaa watu wa kipato cha chini. Mtaani kwetu mwaka jana maji yaliingia ndani usiku, nikabeba wanangu mmoja mgongoni mmoja mkononi, magodoro na madaftari ya shule yote yakaenda. Mtaro upo, mita hamsini tu kutoka kwetu. Lakini upo juu kidogo kuliko sisi. Waliochimba hawakuangalia maji yanatokea wapi, waliangalia barabara inapita wapi.

Nilienda ofisi moja kuomba kuona ramani ya mitaro, niliambiwa aliyekuwa nayo alishahama na laptopu yake. Jina la ofisi silitaji na wala sina haja mtu aadhibiwe. Nasema hivi ili mjue kwamba ramani ya mji haiwezi kuwa mali ya mtu mmoja akihama inahama naye.

Tukijua maji yanakotoka, kazi nyingine miti na ardhi inatufanyia. Ukiacha kipande cha ardhi kilichoinama kidogo juu ya bonde, ukakiwekea majani na miti inayostahimili kulowa, kinashika maji saa kadhaa na kuyashusha chini taratibu kabla hayajafika mtaroni. Kando ya barabara ile ile ukikata ukingo maji yaingie kwenye shimo la mti badala ya kukimbilia mtaroni, mti unanywa bure na mtaro unapumua. Ndo nasema mti na mtaro viwe kwenye ramani moja, kwasababu sa hivi mtaro ni wa ofisi hii, mti wa ofisi ile, bomba la tatu, nguzo ya nne, na kila mmoja anachimba kwa zamu yake. Nimeona kwa macho yangu miti ya miaka sita inang'olewa kupitisha mtaro, halafu mwaka uliofuata miche inapandwa upya pembeni ya mtaro huo huo.

Mikindani ni habari nyingine kabisa. Kule kilima kinashuka moja kwa moja kwenye ghuba, kila mti unaoondoka juu ya kilima unaonekana chini kwa matope baharini, na mikoko ndo inapokea. Mikoko hii inavunja mawimbi na kulea samaki wa wavuvi wetu, na sheria ya mazingira ya 2004 imeshaweka mita 60 kutoka ukingo wa maji zisifanyiwe shughuli za kudumu. Kuchora mstari wa mita 60 kwenye QGIS ni dakika mbili. Mkiubandika ule mstari kwenye ubao wa kila ofisi ya kata ya pwani, mtu atajua kabla hajanunua. Tuliona kimbunga Kenneth mwezi wa nne 2019 kilivyotutoa majumbani, bahati yetu kikaenda Msumbiji, na 2024 Hidaya tukakaa bila njia ya Dar baada ya barabara kukatika Somanga, mkoani Lindi. Bahari hii si ya kuichezea.

Naona kuna atakayesema data ni mambo ya ulaya na hela hatuna. Naomba niwakumbushe mji huu ulivyozaliwa. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Uingereza ilikuja na mradi wa karanga, ikajenga bandari hapa, ikapima barabara pana, ikatandika reli mpaka Nachingwea, yote kwa ndoto ya karanga. Timu iliyokuja kukagua ardhi mwaka 1946 ilikaa Tanganyika wiki tisa tu. Wiki tisa! Mvua hawakuzijua vizuri, udongo hawakuujua, wenyeji walioujua hawakuulizwa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, reli nayo baadaye ikang'olewa, limebaki jina la kata ya Reli. Sisi watu wa Mtwara ndo tunaishi ndani ya mpango uliofanywa kwa haraka bila takwimu, kwahiyo somo hili ni la nyumbani.

Na kuhusu hela, sehemu kubwa mmeshalipia. Mtwara ilikuwa kwenye ile miji saba ya TSCP, mradi wa serikali wa kuboresha miji, tukajengewa barabara na mitaro, na miji hiyo ikawekewa mfumo wa mapato uliofungwa na ramani ya majengo ili kodi ya jengo isipotee. Mwaka 2022 tukafanya anwani za makazi, kila nyumba ikapata namba na kila barabara jina, mwezi wa nane mwaka huo huo sensa ikapita ikahesabu na majengo. Yaani paa la kila mmoja wetu limeshajulikana liko wapi kwa ajili ya kodi. Paa lile lile ndo linatoa mapipa 25. Chukueni ramani ile ile mpige hesabu ya maji, na mti ukipandwa mbele ya nyumba uandikwe kwa namba ya ile nyumba, mwenyekiti wa mtaa ajue anamuuliza nani mti umefikia wapi.

Dar walishaonyesha inawezekana. Toka 2015 kupitia Ramani Huria, mradi wa wananchi kuchora ramani za mitaa yao, wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wa mitaa walitembea kwa miguu wakachora mitaro, njia na majengo ya kata zinazofurika, ramani zikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, kila mtu azione. Na Freetown, Sierra Leone, mji wa milima na mafuriko, 2020 walianza kampeni ya kupanda miti milioni moja, kila mti ukapewa namba yake na kupigwa picha kwa simu na mwananchi anayeutunza, na anayetunza analipwa kwa mti ulio hai. Hiyo nukta ya kulipa ulio hai naomba muisome mara mbili. Hapa tuna vyuo, STEMMUCO, TIA na VETA, tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wenye watafiti wanaojua udongo wetu na miche kuliko mtu yeyote. Vijana wapo mtaani na simu janja mkononi.

Nisiwadanganye kwamba kompyuta inajua kila kitu. Setelaiti haitofautishi mwembe na mjohoro. Mche mpya hauonekani kabisa kwenye kadoti ka mita kumi, itachukua miaka, kwahiyo lazima mtu aende kwa miguu akauhesabu. Ramani za bure za miinuko zinakosea mita kadhaa, na mji wetu ulivyo tambarare mita mbili tu zinageuza maji yaelekee upande mwingine, hapo ndo droni inahitajika, kwa kibali cha usafiri wa anga, na hata kabla ya droni wanahitajika wazee. Babu mmoja jirani yangu, amekaa hapa toka kabla viwanja havijakatwa, alinitembeza asubuhi moja na fimbo yake akanionyesha mkondo wa zamani ulipopita, hapa palikuwa na magugu maji, pale tulitega kambare. Nilipoziweka zile alama kwenye ramani, nyumba zote zilizoingiliwa na maji mwaka jana zilikuwa juu ya mstari wa babu. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwahiyo ombi langu ni hili. Msianze na mshauri wa mamilioni wala mfumo mpya, anzeni na kata moja, iwe ya bondeni. Wekeni wazi ramani ya mitaro, mabomba na nguzo iliyopo hata kama ina mapengo, tutaijaza. Hamisheni upandaji wa miti uwe Desemba na Januari, Aprili mosi tuitumie kukagua na kupalilia ile iliyopandwa, na ripoti ya baraza iwe na safu moja tu ya ziada, iliyo hai. Majina na simu za watu zisiwekwe kwenye ramani ya wazi, namba ya nyumba inatosha.

Shule zinafunga mwanzoni mwa Desemba na ndo mvua zinaingia. Nina wanafunzi ishirini na mbili waliojiandikisha wenyewe, wazazi wao wamekubali, fomu ya kuhesabia tumeshaitengeneza kwenye simu na tumeijaribu mitaa miwili. Tunachokosa ni barua yenu ya kuturuhusu kupita nyumba kwa nyumba na mtendaji wa mtaa wa kuongozana nasi. Jumamosi asubuhi huwa tupo shuleni, laptopu ipo, ramani ya Agosti ipo ukutani, na babu amesema siku mkija yeye atatangulia na fimbo yake.

Mwalimu wa jiografia, mkazi wa Magomeni, Mtwara